Jinsi ya Kununua Meza ya Ofisi Itakayokuzidi Umri

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa vitu vitatu kwa mpigo: ofisi, muhuri na fedha za samani. Huenda wewe ni mtendaji wa kata, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi wa zahanati. Kituo chako ni Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, na meza uliyoirithi ina mguu mmoja uliotangulia kustaafu. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Fedha usipozitumia zitarudi zilikotoka, na hajawahi kuonekana mtumishi aliyepandishwa cheo kwa sababu alirudisha fedha. Kwa hiyo utanunua meza. Swali ni moja tu: uso wa meza hiyo uwe wa nini?

Wapo watakaokushauri uanze kwa kujiuliza ni kazi gani itafanyika juu yake. Hao usiwasikilize mapema, watakuharibia raha ya kununua.

Hatua ya kwanza: Amua idumu hadi lini

Muuzaji akikwambia meza "inadumu", mwombe tarehe. Katika utumishi kuna aina tatu za kudumu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kudumu hadi siku ya mapokezi. Kamati inakuja, inahesabu meza, mjumbe mmoja anagonga uso kwa kifundo cha kidole mara mbili, anatikisa kichwa kwa maarifa, wote wanasaini. Kwa kudumu huku hata katoni iliyopakwa rangi inatosha, mradi isinyeshewe njiani.

Ya pili ni kudumu hadi mkaguzi apite. Hapa kinachohitajika ni namba ya mali, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe mahali panapoonekana. Mkaguzi hutafuta namba, na namba ikipatikana meza ipo, hata kama sehemu nyingine za meza zimeshatawanyika.

Ya tatu ni kudumu hadi uhamisho wako. Wengi huishia hapa, na ni kipimo cha haki: kila mtu na zamu yake. Anayetaka meza imfikie mrithi wake wa tatu ana uzalendo wa kupindukia, na mwongozo huu utamsaidia kwa shingo upande tu, kuelekea mwisho.

Hatua ya pili: Wajue maadui

Meza za kwenye picha za matangazo hupigwa picha zikiwa na kompyuta moja, kikombe kimoja cheupe na ua. Meza ya Ngulyati ina maisha mengine.

Adui wa kwanza ni vumbi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 kwa ulanga laini hadi 10 kwa almasi. Kanuni yake ni fupi: kigumu humkwaruza laini. Ukucha wako uko kwenye 2.5 hivi, kioo cha dirisha kwenye 5.5, na kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, iko kwenye 7. Maana yake ni kwamba anayepangusa meza asubuhi kwa kitambaa kikavu hapangusi. Anaipiga msasa, tena bila malipo ya fundi. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo wao na wanajua upi unafaa kwa zao gani. Wakati umefika waongeze safu ya samani: luseni, yenye kichanga, hukwaruza, mbuga nyeusi hungoja mvua, kisha huingia ofisini ikiwa imeshikamana na viatu na kupanda mezani pamoja na miguu ya wasiojua adabu.

Mwalimu asiogope vumbi la chaki. Chaki, zikiwemo zinazotengenezwa jirani hapo Maswa, ni jasi, na jasi iko kwenye 2. Inachafua, haikwaruzi. Katika orodha hii ndiyo adui pekee mwenye huruma.

Adui wa pili ni chai, anayekuja akiwa na silaha mbili, maji na moto. Wa tatu ni wino wa muhuri, ambao hupendelea kumwagika siku ya ugeni. Wa nne ni mchwa, ambaye haanzii juu. Yeye hupita kwenye ufa wa sakafu, hupanda ndani ya mguu, na wewe utapata taarifa zake siku utakapoegemea.

Wa tano ni msimu wa pamba. Ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, meza ya chama cha msingi hugeuka kaunta, kiti, ghala na uwanja wa mjadala. Viwiko vinasagwa juu yake kuanzia alfajiri, stakabadhi zinapigwa pini, mizani ya mkononi inatupwa kwa hasira, na mzee aliyeambiwa kilo zake zimepungua anagonga uso wa meza kwa ngumi ili uelewe vizuri. Maabara za Ulaya zina mashine ya kuzungusha gurudumu la msasa juu ya sampuli ili kupima uchakavu. Ngulyati wanafanya jaribio hilohilo kwa wanachama hai.

Hatua ya tatu: Kutana na wagombea

*Mbao ngumu.* Huyu ndiye mgombea mwenye ukoo. Mninga anasifika kwa utulivu: akishakauka vizuri hapindi wala hatanuki ovyo. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi yake. Mtiki, unaopandwa Longuza kule Muheza, una mafuta yake ya asili ambayo mchwa hayapendi. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja utakayemkuta nyuma ya ofisi. Misitu ya Usukumani ilifyekwa kwa bidii enzi za ukoloni, kwa sababu ya mbung'o, pamba na malisho, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuirudishia nchi miti kwa kutumia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo mninga wako utakuja kwa lori kutoka upande wa Tabora au Katavi, ukiwa na vibali, na kila kizuizi utakachopita kitapandisha bei.

Atatokea mjuzi wa kukwambia kwamba mti mgumu kuliko yote ni mpingo. Ni kweli ni mgumu sana, na ni mzito hata unazama majini. Pia huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na dunia huutumia kutengeneza zumari za okestra na vinyago vya Wamakonde. Ukiagiza meza ya mpingo, agiza na wabebaji wanane, na mwingine mmoja wa kubeba lawama.

Ukinunua mbao ngumu, utaulizia jina la mti na kusahau swali la maana: imekauka? Mbao inayokaa ndani inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Mbao mbichi hukaukia ofisini, na inapokauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Meza uliyoipokea wakati wa mvua ikiwa imebana vizuri, itakapofika Agosti itakuwa na nyufa za kupitisha kalamu kati ya ubao na ubao. Usilalamike. Waambie wageni kwamba ndipo kalamu zinapohifadhiwa.

*Paini.* Huyu hutoka mashamba ya miti, kubwa kuliko yote likiwa Sao Hill, Mufindi. Ni nafuu, ni mwepesi, na ni laini kiasi kwamba ukiandika barua juu ya karatasi moja, nakala inabaki kwenye meza. Ofisi isiyo na mashine ya kunakili imepata kumbukumbu. Ofisi yenye barua za siri iandike kwenye goti. Mchwa naye humpenda paini asiyewekewa dawa, na hupenda zaidi aliyekatwa jana. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na madarasa kufurika, nchi nzima iligeuka karakana ya madawati: Rais Magufuli aliweka Juni 30 kuwa mwisho wa wanafunzi kukaa sakafuni, na Aprili mwaka huohuo Bunge likakabidhi shilingi bilioni 6 kwa kazi hiyo. Lilikuwa jambo jema. Ila ubao mbichi hausomi magazeti wala haujui tarehe ya mwisho. Unakauka kwa ratiba yake, ukiwa umepigiliwa misumari au haujapigiliwa.

*Chipubodi na MDF zenye melamini.* Sasa tumefika kwa mpendwa wa kamati. Anang'aa, ana rangi ya mninga kuliko mninga mwenyewe, anakuja ndani ya boksi na karatasi ya maelekezo. Tuwe wakweli: ule uso wa melamini si mchezo. Ni karatasi iliyoloweshwa utomvu wa viwandani ikakandamizwa kwa moto, na inastahimili chai, wino na kitambaa kibichi kuliko vanishi nyingi. Ungeweza kuishi na uso huo miaka.

Taabu ni kwamba uso huo haujapewa mwili wa kufanana nao. Chini yake kuna chembe au nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi ambayo kwa kawaida huogopa unyevu. Ukingo umefunikwa utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto. Utepe huo ndio mlango. Kiwiko kinaufungua kidogo mwezi wa tatu, maji ya kudekia na chai vinaingia mwezi wa nne, na ukingo unaumuka kama andazi, ila andazi hili halipoi wala haliliwi. Likishavimba limevimba. Ndani ya wilaya hii hii kuna Gamboshi, ambayo watani husingizia kila muujiza wa Usukumani, na hata huko hajasikika mtu mwenye dawa ya kurudisha MDF iliyolowa.

Skrubu nazo zina kauli moja. Ukiifungua meza ili ipite mlangoni, tundu lililolegea halishiki tena. Meza hii huhamishwa mara moja. Mara ya pili inazolewa.

*Fomika.* Hii ni jamaa ya melamini, ila yenye mifupa. Mwaka 1913 Wamarekani wawili, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walianzisha kampuni ya kutengeneza vizuizi vya umeme kwa tabaka za kitu kilicholoweshwa utomvu na kukandamizwa. Hawakuwa na habari na meza yako. Baadaye ikaonekana kwamba bamba hilo, likiwekewa tabaka la melamini juu, linavumilia sufuria, soda na watoto, na migahawa ya dunia nzima ikalibandika. Fomika ni karatasi nyingi zilizoshikana hadi zikawa kitu kigumu, na utaikuta bado inafanya kazi kwenye meza za hoteli za stendi ambazo wenyewe wameshasahau mwaka ziliponunuliwa.

Udhaifu wake ni upi? Uhodari wake unategemea kilichobandikwa chini. Ukiiweka juu ya plaiwudi nzuri, umepata rafiki wa muda mrefu. Ukiiweka juu ya chipubodi, umemvisha mgonjwa koti. Na ikiungua au ikimeguka haipigwi msasa. Kovu hilo utalikabidhi pamoja na ofisi.

*Kioo.* Ofisi inayojiheshimu huweka kioo juu ya mbao, na chini ya kioo huweka kalenda ya benki, namba za simu za watu wakubwa, picha ya mahafali na kadi ya mkandarasi asiyejulikana alipo. Kwa hiyo kioo si uso tu, ni wasifu wa mwenye ofisi. Asidi hakiijali, wino hakiushiki, chai kinaicheka. Lakini rudi kwa Bwana Mohs: kioo 5.5, mchanga 7. Baada ya miaka michache ya kupanguswa kikavu, zile namba za wakubwa zinasomeka kwa kukisia. Maji nayo yakipita chini ya kioo hayana pa kutokea. Yanaozesha mbao polepole na kugundisha picha ya mahafali hadi siku ya hukumu. Kioo kilichofanywa kigumu kwa moto hubeba uzito vizuri, ila pembe yake ikigongwa husambaratika chote kwa mpigo na kuwa punje. Hakina hali ya kati. Kinaishi au kinafagiliwa.

*Marumaru na graniti.* Wengi huyaweka mawe haya kwenye kapu moja, na ndimu ndiyo inayoyatenganisha. Marumaru ni kalsaiti, 3 tu kwa kipimo cha Mohs, na asidi huitafuna. Kipande cha ndimu kilichodondoka kutoka kwenye chai yako kitaacha doa lisilong'aa, na hakuna sabuni ya kulitoa kwa sababu si uchafu. Jiwe lenyewe limepungua. Graniti haina habari na ndimu. Hilo halishangazi: majabali ya Usukumani unayoyaona kando ya barabara ni ya jamii hiyo ya mawe, na yamekaa hapo zaidi ya miaka bilioni 2.5 yakipigwa mvua na jua, bila vanishi, bila mkaguzi.

Kwa hiyo graniti imeshinda? Imeshinda peke yake. Bamba la unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. Uso wa meza ya kawaida, mita 1.5 kwa sentimita 75, unavuka kilo 60. Muuzaji ataliweka bamba hilo juu ya miguu ya MDF, kwa kuwa fedha ziliishia juu. Jiwe litadumu miaka mingine bilioni. Litadumu likiwa sakafuni.

*Chuma.* Meza za chuma za kijivu zilizotumikia serikali kwa miongo mingi zina sifa moja kubwa: mchwa hana meno ya kuziweza. Rangi yake ikichubuka huanza kushika kutu, na droo zake zikifunguliwa kijiji kizima kinajua umefika kazini. Kwa zahanati, chuma kisichoshika kutu ndicho kinachostahili, maana kinavumilia dawa za kuua vijidudu. Aina yake iliyozoeleka huwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Nikeli ipo ardhini Dutwa, ndani ya wilaya hii hii, imepimwa na kutafitiwa kwa miaka. Mpaka ichimbwe, meza itaendelea kuja kutoka mbali ikiwa na nikeli ya wenzetu.

*Zege.* Mafundi ujenzi wakibakiza sementi hukujengea kaunta. Haiibiwi, hailiwi, haiungui. Ukiiwekea nondo haivunjiki kirahisi. Kasoro yake ni moja ya kiutumishi: yenyewe haihamishiki, wewe unahamishwa.

Hatua ya nne: Fanya majaribio muuzaji akienda kutafuta chenji

Usiangalie uso. Uso ndio sehemu ya meza iliyolipwa kukudanganya. Inama uangalie ukingo na chini. Ukikuta ukingo wenye utepe unaoweza kuuinua kwa ukucha, hamishia moyo wako duka jingine. Angalia matundu ya skrubu: pale ndipo mwili unapoonekana bila vipodozi. Kisha inua pembe moja. Pembe nyingine zikifuata, ni meza. Zikibaki zinatafakari, ni vipande vilivyokutana kwa muda.

Mwisho, uliza swali hili na usikilize vizuri jibu: "Ikiharibika, nani anaitengeneza?"

"Hii haiharibiki, bosi."

Jibu hilo maana yake ni kwamba hakuna.

Hatua ya tano: Itunze kwa kutoigusa

Meza ikishafika, usiondoe nailoni ya dukani. Nailoni ni ushahidi kwamba meza ni mpya, na wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Jua litaikaanga, jasho litaingia chini yake, gundi yake itashika uso, na siku utakapoamua kuitoa itaondoka na ngozi. Lakini kwa miaka yote hiyo meza yako itakuwa imeendelea kuwa mpya kisheria.

Juu ya nailoni weka kitambaa. Juu ya kitambaa weka kioo. Juu ya kioo weka kitambaa kingine kidogo cha kuweka kikombe. Kwa mpangilio huu unaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuijua rangi ya meza yako. Si jambo geni: Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika mkoani hapa, viwanja vya Nyakabindi, mwaka 2018, 2019 na 2020, meza kuu zilikaa pale ambapo meza kuu hukaa siku zote, chini ya vitambaa vya kukunjwa mikunjo. Chini ya kitambaa, paini na mpingo ni ndugu.

Tahadhari moja ya kweli: vile vitakasa mikono vilivyoingia kila ofisi mwaka 2020 ni spiriti, na spiriti huyeyusha baadhi ya vanishi. Kama mezani kuna duara lililofifia pale chupa ilipokaa, si kijicho cha jirani.

Hatua ya sita: Kwa wale wenye uzalendo wa kupindukia

Kama bado unasoma, basi wewe ni yule anayetaka meza imfikie mrithi wa tatu. Haya, sikiliza.

Wagombea wote nane hawafi kwa mkwaruzo. Mkwaruzo ni aibu, si ugonjwa. Wanakufa pembeni, pale maji yanapoingia. Wanakufa kwenye maungio, pale uhamisho unapowavunja. Wanakufa miguuni, pale mchwa anapopandia. Wauzaji wanakupimia ugumu wa uso kwa sababu uso ndio unaopigwa picha, lakini Ngulyati usipoziba ukingo utanunua meza.

Na swali linaloamua yote ni umbali kati ya meza na mtu anayeweza kuiponya. Graniti ikivunjika, mashine ya kuikata iko mjini. Kioo kikipasuka, subiri gari la Bariadi. Melamini ikivimba, hakuna wa kumwita. Lakini ubao, hata wa paini, ukichafuka kwa wino, ukaungua kwa jiko la mkaa na kuchongwa jina la mwanafunzi mtoro, unahitaji randa, msasa, vanishi na fundi seremala ambaye karakana yake iko chini ya mti, umbali wa kufika kwa baiskeli. Ataondoa milimita mbili za juu, na ndani yake kuna ubao uleule. Meza ya mbao ya unene wa sentimita 3 ina nyuso nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile nyingine zina uso mmoja tu.

Kwa hiyo, kwa ofisi ya kawaida: mbao iliyokauka, nene, yenye ukingo uliopigwa mviringo na kupakwa vanishi hadi chini kusikoonekana, miguu iliyokanyaga vipande vya raba au bati ili mchwa akose ngazi. Kwa chama cha msingi chenye msimu wa pamba: fomika juu ya plaiwudi, ukingo wake ukiwa umezungushiwa fito ya mbao ngumu badala ya utepe. Kwa zahanati: chuma kisichoshika kutu. Kwa mwenye kutaka kung'aa mapokezini: chochote, na nailoni yake.

Shida ni namna ya kuyaandika haya. Mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, utapokea vipimo vyovyote utakavyoweka, na wengi huweka maneno mawili tu, "meza ya kisasa", kisha wanashangaa wanapoletewa ya kisasa. Andika aina ya mbao, unene, unyevu, namna ya ukingo, na aina ya maungio. Fundi wa hapo atayasoma bila kuhitaji kamusi.

"Mtendaji, mwadila," atakusalimu ukienda kumwonyesha karatasi yako, kisha ataisoma kimya hadi mwisho. "Hii meza unayoitaka, baba, nitakutengenezea. Ila sitakuuzia nyingine tena."

Huo ndio udhamini wa miaka mingi, na hauna karatasi.

Hatua ya mwisho: Bajeti

Kabla ya kuandika "meza mpya" kwenye makadirio ya mwaka kesho, andika mstari mwingine juu yake: msasa, vanishi, gundi ya mbao na siku mbili za fundi. Utaona mstari huo ukirudi umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake umeandikiwa kwamba ukarabati wa samani si kipaumbele, ila ombi la meza mpya tatu limekubaliwa. Usigombane na mtu. Mpigie aliyekata, mshukuru kwa heshima zote, na umwombe akutumie kipimo cha mlango wa stoo, maana zile za mwaka juzi itabidi zitoke kwanza.